Edita isiyopeleka habari nje: nihame VS Code au nibaki niifunge?

funguo_mbili

Wakuu habari za muda huu, naombeni mawazo hasa nyie mnaoshinda kwenye teminali.

Kuna kazi ya mteja nimeichukua, mkataba wake una kipengele kinachosema msimbo wa mradi na data za majaribio visitoke kwenye mashine yangu kwenda kwa mtu wa tatu, na huyo mtu wa tatu wameeleza kabisa kwamba ni pamoja na huduma yoyote ya mtandaoni ya kusaidia kuandika programu. Sawa, nimesaini. Sasa mi natumia VS Code, edita ya Microsoft ya kuandikia msimbo, miaka yote, vidole vimeshaizoea, ila kila ninapopita naambiwa inapeleka taarifa kwao, mmoja anasema zima setingi moja yameisha, mwingine anasema hiyo setingi geresha tu hamia VSCodium, na wale wengine mnawajua, ukiwauliza hata saa ngapi wanakujibu tumia Vim, ile edita ya kwenye teminali.

Ninachotaka kujua, hasa kinachotoka ni nini? Ni msimbo wenyewe au takwimu tu za nimebonyeza wapi? Na nikihama ndo nimepona au nimebadilisha tu mlango wa kutokea? Mashine ni Linux, RAM GB 16, naandika Python kwa sana na Go, kuna kipande cha C pia. Nawasilisha.

mkato_mfupi

Mkuu unajitafutia presha bure. Fungua settings.json weka `"telemetry.telemetryLevel": "off"`, sevu, endelea na maisha. Hiyo setingi ya telemetria, yaani taarifa za matumizi inazotuma kwao, ina ngazi nne, all, error, crash na off, ukiweka off haitumi hata ripoti za programu kukwama. Watu humu wanapenda kutishana utadhani kila mtu anatunza siri za nyuklia.

soketi_wazi

@mkato_mfupi uko sawa nusu, na ile nusu nyingine ndo iliyoandikwa kwenye mkataba wa jamaa.

Tuanze na edita yenyewe. Msimbo wa VS Code uko wazi kwa leseni ya MIT, lakini ile unayoidaunlodi kwenye tovuti yao imebildiwa na Microsoft na ina leseni yao nyingine isiyo huria, na telemetria imewashwa humo toka inapofika kwako. VSCodium ni watu wamechukua msimbo uleule wakaubildi bila hayo mambo. Sasa telemetria sio msimbo wako, ni matukio, yaani umeita komandi gani, ekstensheni gani (programu ya nyongeza ndani ya edita) imechelewa kuwaka, kitu gani kimekwama. Na hawajaficha, andika `code --telemetry` kwenye teminali itakumwagia orodha nzima ya matukio inayoweza kuyakusanya, utachoka kusoma kabla hujaogopa. Kwa hiyo hapo off ni off, sio geresha.

Ila kuna kwenda nje kwingine ambako wao hawakuhesabu kama telemetria. Kuulizia apdeti, kuongea na soko la ekstensheni, majaribio ya vipengele vipya wanayowafungulia baadhi ya watumiaji, hata ukiweka mshale juu ya jina la paketi ndani ya package.json inaenda mtandaoni kuuliza maelezo yake. Nenda pale pa kutafuta setingi andika `@tag:usesOnlineServices` zitajipanga zote, pitia moja moja uzime usizozihitaji.

Halafu ndo tunakuja kwenye ekstensheni, na mzigo wenyewe uko hapa. Ekstensheni haijafungiwa kwenye boksi lolote, ikishawaka ina uwezo uleule ulio nao wewe mwenye akaunti, inasoma faili lolote unaloweza kulisoma wewe, inafungua soketi kwenda popote, inawasha programu nyingine nyuma yako. Ile setingi ya telemetria kwao ni ombi tu, iliyoandikwa na waungwana inaliheshimu, ya wasio waungwana hakuna kinachoizuia. Utakuta mtu ana ekstensheni lundo, nyingine kazi yake ni kupaka rangi mabano basi, aliyeitengeneza alishaitelekeza au alishamkabidhi mtu asiyejulikana, halafu huyohuyo anakuja kulalamikia telemetria ya Microsoft. Kikulacho ki nguoni mwako.

Na wasaidizi wa akili mnemba, hawa ndo kile kipengele cha mkataba kiliandikwa kwa ajili yao. Modeli ikiwa inaishi kwenye seva ya mtu haiwezi kukumalizia mstari bila kupelekewa mistari ya juu na ya chini yake, na kwa kawaida inabebeshwa na vipande vya faili nyingine ulizofungua ili ielewe unachofanya. Hapo sio takwimu tena, ni msimbo wa mteja wenyewe unasafiri, na kama ulikuwa umefungua `.env`, faili linalotunza nywila na funguo, kwenye tabu ya pembeni malizia mwenyewe. Ukitaka msaidizi basi awe wa ndani, Ollama au llama.cpp, programu zinazoendesha modeli kwenye mashine yako, anasikiliza localhost tu, yaani mashine hiyohiyo. Modeli ya parameta bilioni 7 iliyobanwa hadi biti 4 inachukua kama GB 4 za diski na inahitaji RAM ya GB 8 hivi, kwa hiyo mashine yako inaibeba, kasi ndo usitegemee makubwa kama huna kadi ya michoro.

Lakini mkuu usituamini sisi, pima. Washa edita, kwenye teminali piga `ss -tunp` uone programu ipi imeshika muunganiko upi. Weka OpenSnitch, hiyo ni fayawoli inayotambua programu sio namba za poti tu, kila kitu kinachotaka kutoka kinakuomba ruhusa kwanza. Au kata kabisa na `firejail --net=none code`, ila funga madirisha mengine yote ya VS Code kabla, maana ikikuta ndugu yake yuko hewani inaweza kumkabidhi kazi yeye na wewe ukadhani umeiwekea kizuizi.

mabano_mengi

Nilijizuia nisije nikaonekana yuleyule ila ngoja niseme. GNU Emacs ni edita iliyopo toka 1985 na hadi leo haina telemetria, hakuna cha kuzima kwa sababu hakuna kilichowashwa. Na wale wanaosema "nitakosa akili ya VS Code" hiyo akili sio ya VS Code jamani, ni seva za lugha, programu za pembeni zinazoongea na edita kwa itifaki ya LSP ambayo Microsoft wenyewe waliitoa kwa watu wote 2016. Gopls ya Go ni ileile, clangd ya C ni ileile, pyright ya Python ni ileile. Emacs 29 ya mwaka 2023 imekuja na Eglot, kiunganishi cha hizo seva za lugha, ndani kwa ndani, unafungua faili la Go unaita `M-x eglot` basi, kuruka kwenye fanksheni, kubadilisha jina la kitu mradi mzima, makosa kupigiwa mstari, vyote vipo.

Kingine nisichokipata kokote ni faili za siri. Ukifungua faili linaloishia na .gpg Emacs inaita GnuPG, programu ya kusimba faili, unaandika kama kawaida, ukisevu linarudi limefungwa, na kile kitendo cha kuhifadhi nakala zenyewe njiani kinazimwa kwa faili la namna hiyo. Funguo zote za wateja wangu zinakaa hivyo.

wino_mkavu

Emacs na Vim ni wasafi kwenye netiweki nakubali, ila kwenye diski ni wachafu kuliko watu wanavyodhani na hapo huwa mashabiki hawasemi.

Ukifungua `siri.env` kwenye Vim kwa mpangilio wake wa kawaida inazaliwa `.siri.env.swp`, nakala ya muda ya unachohariri, palepale pembeni yake. Ukikopi nenosiri ndani ya Vim linakaa kwenye rejista na rejista zinaandikwa kwenye `~/.viminfo` ukifunga, kesho unapesti kama hakijatokea kitu, raha kabisa, lakini maana yake nenosiri limelala kwenye diski bila nguo. Kama umewasha undofile, inayotunza historia ya mabadiliko, basi hata ulichokifuta wiki iliyopita bado kipo. Emacs nayo inaacha nakala za `faili~` na `#faili#`. Watu wamekuwa wakiokota hizi swp kwenye seva za wavuti miaka nenda rudi, mtu kahariri config.php mojakwamoja kwenye seva, Vim ikafa katikati, `.config.php.swp` ikabaki na seva ikawa inamgawia yeyote anayeiomba kwa jina kwa sababu haiishii na .php kwa hiyo haitekelezwi, inatolewa kama ilivyo.

Dawa yake nyepesi. Faili la siri fungua kwa `vim -n -i NONE` hapo hakuna swp wala viminfo, na ndani yake `:set noundofile nobackup nowritebackup`. Neovim, ndugu yake Vim, kidogo ina adabu, swp zake inaziweka kwenye folda moja ndani ya `~/.local/state/nvim` badala ya kuzitapanya, ila zipo. Na diski yote iwe imefungwa kwa LUKS, usimbaji wa diski wa Linux, hilo sijui hata kwanini halijasemwa bado, laptopu ikiibwa hayo mengine yote hayana maana.

Afu huu uzushi kwamba Vim haiwezi kukudhuru uachwe. Mwaka 2019 ulipatikana udhaifu wa usalama wenye namba CVE-2019-12735, yaani unafungua tu faili la maandishi na mstari wa modeline (maelekezo kwa Vim) uliomo ndani unaendesha amri kwenye mashine yako. Ilirekebishwa kwenye toleo la 8.1.1365, na mimi toka hapo `set nomodeline` haitoki kwenye vimrc yangu. Plagini zake nazo hazina boksi lolote, kama zile ekstensheni tu, unavuta ripo (hifadhi ya msimbo) ya mtu usiyemjua inaendesha Lua ndani ya edita yako. Atleast ukitumia lazy.nvim, kisimamizi cha plagini za Neovim, kuna faili la `lazy-lock.json` linaloshikilia komiti (toleo lililohifadhiwa) mahususi ya kila plagini, haibadiliki hadi wewe useme.

mkato_mfupi

Sasa kama hivyo si bora daftari na kalamu tu 😂

Bi_Komiti

Mmeongea edita edita weee, mimi nauliza ripo ya huyo mteja inakaa wapi? Kama inakaa kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, basi mtu wa tatu tayari yupo, tofauti ni kwamba huyo kachaguliwa na mteja mwenyewe. Kwa hiyo mdogo wangu cha kwanza piga `git remote -v` uhakikishe unapushi kwake tu na sio kwenye ripo yako binafsi uliyoifungua "kwa ajili ya bakapu".

Halafu git yenyewe, programu inayotunza historia ya msimbo, inasema mengi juu yako wewe. Kila komiti inabeba jina, barua pepe na saa, na saa inaandikwa pamoja na ukanda wake, kwa hiyo mtu akichukua ripo ya wazi anajua unaamka saa ngapi, unafanya kazi siku gani, na uko upande gani wa dunia. Piga `git log --format='%an %ae %ad'` kwenye mradi wako wa zamani ujione. Barua pepe inafichika, GitHub wanakupa anwani ya noreply na kuna kisanduku cha kuzuia pushi yoyote yenye anwani yako halisi. Saa ukitaka unaandika `TZ=UTC git commit`, wengi hawajali, mi najali.

Ufunguo ukiingia kwenye komiti, kuufuta kwenye komiti inayofuata hakusaidii chochote, historia ipo palepale na kuna roboti zinazunguka ripo za wazi muda wote zinatafuta hivyo tu. Unabadilisha ufunguo kwanza kule ulikotoka, ndo baadaye usafishe historia kwa `git filter-repo` ukipenda. Ni bora kuweka gitleaks iwe inakagua kama kuna siri kabla komiti haijapita.

Na kuna hili ambalo nikiliona nataka kulia. Mtu kafunga telemetria yote, kahama edita, kaweka fayawoli, halafu anachukua JSON (faili la data) ya wateja wa bosi wake anaipesti kwenye tovuti ya bure ya kupanga JSON. Au anapesti tokeni ya JWT, ya kuingilia kwenye mfumo, kwenye tovuti imfungulie ndani kuna nini. Mbona `jq .` ipo kwenye mashine yako? Na JWT ule upande wa katikati ni base64 tu, Python inaufungua kwa mistari miwili bila kumwomba mtu. Teminali nayo inakumbuka, `curl` yenye tokeni inabaki kwenye `.bash_history`. Weka `HISTCONTROL=ignorespace` kwenye bashrc, ukianza amri na nafasi haihifadhiwi.

funguo_mbili

Shukrani sana wakuu, na dada @Bi_Komiti hilo la tovuti za kupanga JSON limenigusa, alamisho hizo nimezitoa kwenye kivinjari.

Nimeamua hivi, nimeweka VSCodium kwa kazi za huyu mteja peke yake ikiwa na ekstensheni chache mno, na VS Code ya kawaida inabaki kwa mambo yangu. OpenSnitch nayo iko juu, siku ya kwanza imeuliza maswali hadi kero ila sasa imetulia. Neovim nimeionja na `unshare -rn nvim` na inafanya kazi vizuri bila netiweki, nitajifunza taratibu bila presha.

Nimekwama mawili. Pylance, ekstensheni ya Microsoft ya Python, siioni kabisa kwenye VSCodium, na ile ya kuhariri kwenye seva kwa SSH pia haipo. Nimeona watu wanasema daunlodi faili la vsix (ekstensheni yenyewe) kutoka kwenye soko la Microsoft ulilazimishe, ni salama? Na la pili OpenSnitch imeniambia amri ya `go` inataka kwenda proxy.golang.org na sum.golang.org, nimekataa kwanza, hii nayo ni telemetria?

soketi_wazi

Pylance hutaiona kwa sababu VSCodium inatumia soko jingine, Open VSX la Eclipse Foundation. Masharti ya soko la Microsoft yanaruhusu bidhaa zao tu, na Pylance, Remote-SSH na ile ya C/C++ sio huria, leseni zake zimefungwa kwa edita zao. Kulazimisha vsix sio suala la usalama, ni suala la leseni, na mtu aliyesaini mkataba mkali kama wako sioni kwanini aanze kuvunja mwingine. Tena huzihitaji. Pylance imejengwa juu ya pyright na pyright ni huria, chukua hiyo au basedpyright. Kwa C weka clangd, mi naiona hata bora. Kwa seva kuna Open Remote - SSH palepale Open VSX, na ukiona inasumbua basi `sshfs` ama ingia kwa ssh utumie hiyo Neovim unayojifunza.

Hilo la Go ulifanya vizuri kukataa kwanza. Sio telemetria, ni utaratibu wa kuvuta moduli. Toka Go 1.13 ya mwaka 2019 amri ya `go` ikitaka moduli haiendi mojakwamoja kwenye ripo ya mwenyewe, inapitia proksi, yaani seva ya kati, ya Google, halafu inahakiki alama za moduli kwenye ile seva ya sum. Kwa moduli za wazi hakuna shida na inakulinda, mtu akibadilisha msimbo kimyakimya utajua. Tatizo ni moduli za ndani za mteja. Msimbo wao proksi haitaupata kwa sababu haina ruhusa ya kuingia, ila jina la moduli na njia yake vinaulizwa kule, na majina ya ndani kama `git.mteja.example/malipo/mfumo-mpya` yanaongea. Weka hivi:

`go env -w GOPRIVATE=git.mteja.example`

ukibadilisha na jina halisi la seva yao. Hapo chochote kilicho chini ya hilo jina kinavutwa mojakwamoja kwao bila proksi na bila sum. Ukishaweka ruhusu hizo seva mbili kwenye OpenSnitch kwa moduli nyingine. Telemetria halisi ya Go ni kitu kingine, ilizua ugomvi mkubwa 2023 pendekezo lilipotoka ikiwa imewashwa kwa kila mtu, wakarudi nyuma, ilipoingia kwenye Go 1.23 mwaka 2024 ikawa inahesabu hapohapo kwenye mashine na haipakii kitu mpaka wewe uikubali. Ukitaka hata kuhesabu isihesabu, `go telemetry off`.

Bi_Komiti

Na kwenye Python jambo hilohilo lipo, tena baya zaidi. Kama mteja ana paketi zake za ndani na wewe umeweka `--extra-index-url`, pip, kisakinishi cha paketi za Python, inatafuta sehemu zote mbili na kuchukua toleo la juu zaidi popote ilipolikuta. Mtu akisajili jina lilelile kwenye PyPI, hifadhi ya wazi ya paketi za Python, na namba kubwa ya toleo unavuta la kwake. Tumia `--index-url` moja tu, ile ya mteja, na umwombe mteja ahakikishe seva yake ndo inayoleta na za PyPI.

funguo_mbili

Ndo ilivyo kwenye requirements.txt waliyonipa, ina hiyo extra-index-url mstari wa kwanza kabisa. Nawaandikia sasa hivi, na nitawauliza kwa maandishi pia kama proksi ya Go wanaihesabu kuwa mtu wa tatu.